Usimtafute Luttrell katika Domesday

Barua pepe ya juzi ni ya tatu mwaka huu, na zote tatu zimekuja na picha ileile ya kitabu cha Zaburi cha karne ya 14: Sir Geoffrey Luttrell juu ya farasi, nembo yake imetapakaa kila mahali mpaka kwenye guo la farasi, mkewe Agnes anamkabidhi kofia ya chuma, mkamwana wake Beatrice amesimama na ngao. Picha nzuri, siikatai. Swali nalo ni lilelile: "Nimempata Geoffrey wa Irnham, kijiji cha Lincolnshire, aliyefariki 1345. Nimerudi nyuma baba kwa baba mpaka Domesday, daftari la mfalme la ardhi ya Uingereza, la 1086. Irnham hakuna Luttrell hata mmoja. Je, ukurasa umepotea?"

Ukurasa upo. Irnham imo, na bwana wake mwaka huo ni Ralph Paynel. Uliyempoteza ni mama.

Sijui nani aliwaambia watu kwamba ardhi ya naiti, askari wa farasi mwenye cheo cha Sir, ilitembea na jina lake. Mtu yuleyule ambaye nyumbani kwao anakuhesabia ndugu wa kuumeni na wa kuukeni bila kupumua, na anajua minazi ipi ilitoka kwa bibi mzaa mama, akishika hati za ngozi za Kiingereza za karne ya 13 anasahau yote. Anaandika "Luttrell" kwenye kisanduku cha kutafutia, anabonyeza, anasubiri ukoo utoke mzimamzima. Kisha ananiandikia mimi.

Haya, tuende taratibu mara moja tu. Mwanzoni mwa karne ya 13 kulikuwa na Geoffrey mwingine, babu wa mbali wa huyu wa kwenye picha, mtumishi wa Mfalme John. Alimwoa Frethesant, binti wa nyumba ya Paynel. Wakati huo Irnham ilikuwa mkononi mwa Maurice de Gant. Sasa utaniambia, aha, basi ni ukoo wa Gant. Hapana! Baba yake Maurice hakuwa wa Gant. Baba huyo alikuwa mtoto wa Robert FitzHarding wa Bristol. Maurice alichukua jina la mama yake, Avice de Gant, na Irnham hakuipata hata kwa hao Gant wenyewe, aliipata kwa mama wa Avice, Alice Paynel. Kwa hiyo mwanamume anabeba jina la kuukeni, na kijiji chake kimetoka kuukeni kwa huko kuukeni. Mfuate kwa jina, utaishia kwenye kaburi la watu wengine kabisa.

Maurice akafa 1230 bila mtoto. Andrew Luttrell, mwana wa Frethesant, akadai urithi wa Paynel kwa haki ya mama yake, na akaupata. Hapo ndipo Luttrell anaingia Irnham. Akaingia pia East Quantoxhead, kijiji cha Somerset, zaidi ya kilomita 200 kutoka Irnham.

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Vijiji hivi viwili, kimoja mashariki na kingine karibu na bahari ya magharibi, vilikuwa vya Ralph Paynel vyote viwili mwaka 1086. Kabla ya 1066 vilikuwa vya Mwingereza mmoja, Merleswein. Fungu lilelile linahama kutoka mkono hadi mkono kwa miaka zaidi ya 160 huku majina yakibadilika juu yake kama mabango ya duka. Fungu la namna hiyo ni alama ya vidole. Ukiona vijiji vilivyo mbalimbali vinasafiri pamoja, kuna urithi unaendelea, na mara nyingi kuna binti katikati ambaye mwandishi wa hati hakujisumbua kumtaja zaidi ya mara moja. Mtafute huyo binti. Jina la baba litakuja lenyewe.

Mbele nako ni vivyo hivyo. Mstari wa Irnham ulikatika 1419, alipokufa Sir Geoffrey mwingine bila mtoto (ndiyo, Geoffrey tena, hawa watu hawakuwa wabunifu). Dada yake Hawise alikuwa ameolewa na Godfrey Hilton. Irnham ikawa ya Hilton. Baadaye binti wa Hilton akaipeleka kwa Thimelby. Luttrell waliodumu ni wa Somerset, kizazi cha mwana mdogo wa Andrew, aliyepewa Quantoxhead. Na kasri la Dunster, hukohuko Somerset, ambalo kila mgeni anaambiwa ni "la kale la Luttrell"? Lilinunuliwa 1376, kwa maki 5,000 (maki ni kipimo cha fedha cha zamani), na aliyenunua ni mwanamke, Elizabeth Luttrell, aliyezaliwa Courtenay, kutoka kwa mwanamke mwingine, Joan Mohun. Tena alichonunua ni haki ya kulipata baadaye tu. Joan aliendelea kuwa na haki nalo hadi alipokufa 1404, na Elizabeth alikuwa ametangulia kaburini 1395. Mwanawe Hugh ndiye aliyefungua mlango.

Kuhusu neno "kumiliki", sitakaa sana. Naiti hakumiliki, alishika: kutoka kwa mfalme, au kutoka kwa mkubwa aliyeshika kwa mfalme, au kutoka kwa abasia, yaani nyumba ya watawa. Alidaiwa utumishi au fedha badala yake. Mjane wake alikuwa na theluthi maisha yake yote. Na unaiti haukurithiwa. Mtoto wa Sir Geoffrey hakuwa Sir mpaka afanywe. Basi.

Nembo pia haina maana wanayodhani wanaouza vikombe vyenye nembo za koo. Scrope na Grosvenor walishtakiana kuanzia 1385 kwa sababu nyumba mbili zisizo na undugu zilivaa ngao moja, ya buluu yenye mshazari wa dhahabu. Ila nembo ukiisoma vizuri inasaidia. Rudi kwenye picha uliyonitumia. Tazama magauni, acha farasi. Gauni la Agnes lina ndege wa Luttrell upande mmoja na simba wa Sutton, nyumba ya baba yake, upande wa pili. La Beatrice lina Luttrell na Scrope. Mchoraji alijua kilicho muhimu. Wewe umekata picha ibaki na farasi tu.

Nyaraka zenyewe ni zile za uchunguzi baada ya kifo, zilizo Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, mafungu C 132 mpaka C 142, kuanzia enzi za Henry wa Tatu. Akifa aliyeshika moja kwa moja kwa mfalme, afisa aliita wenyeji waape: alishika nini, kutoka kwa nani, kwa utumishi gani, ina thamani gani kwa mwaka, alikufa lini, mrithi nani, ana umri gani. Kila kaunti na uchunguzi wake, kwa hiyo usiridhike na mmoja. Halafu mapatano ya mahakama, CP 25/1, tangu 1195: ngozi moja iliandikwa mara tatu, ikakatwa, pande mbili wakaondoka nazo, na kipande cha chini, mguu, kikabaki mahakamani. Humo wake wanatajwa kwa majina. Anza humo.

Lakini nisiwadanganye kwamba tukifika Kew mambo yamekwisha. Umri wa mrithi ni "miaka 30 na zaidi", na hilo zaidi linaweza kuwa mwaka mmoja au kumi na tano. Mshairi Chaucer mwenyewe, akitoa ushahidi upande wa Scrope katika kesi ile 1386, aliandikwa ana arobaini na zaidi, na mpaka leo tunabishana alizaliwa lini. Thamani za ardhi zilipunguzwa. Nani anamkadiria jirani yake kwa haki mbele ya mtoza ushuru? Mrithi akidai ametimiza miaka 21, mashahidi waliapa wanakumbuka siku ya ubatizo wake kwa sababu huyu alivunjika mguu, yule alimzika mkewe, na miguu hiyohiyo inavunjika katika kaunti nyingine miaka mingine. Ukifika nusu ya pili ya karne ya 14, wengi walikuwa wameshakabidhi ardhi kwa marafiki waishike kwa niaba yao, na wazee wanaapa kwamba marehemu hakushika chochote. Tajiri wa manori sita, yaani mashamba sita ya kibwana, anakufa mikono mitupu. Na aliyeshika kwa abasia peke yake huenda usimkute kabisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kumjenga John mmoja kwa miezi sita, ardhi, kesi, vita, kila kitu, mpaka nilipogundua nimempa wake wawili walio hai kwa wakati mmoja. Walikuwa watu wawili, binamu, jina moja, kaunti moja. Waliowatenganisha ni wale wake. Hata sasa kuna hati nne sijui nimpe John yupi, na nimeziacha pembeni.

Kwa hiyo, ndugu wa barua ya tatu: futa "Luttrell" pale ulipoandika 1086, weka Ralph Paynel, halafu nitumie tena mti wako ukiwa na Alice, Avice na Frethesant ndani yake. Na picha usiikate.