Umoja wetu ulifia kwenye buti la gari

Jana usiku nilikuwa jikoni naparua sato, simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Grupu la maandalizi. Mtumishi mmoja, kijana mzuri tu, akihubiri watu wanasimama wenyewe, kaandika: "Wapendwa sisi ni mwili mmoja, haya makaratasi ya nini? Roho ataongoza." Chini yake amina 17. Nimezihesabu. Nikanawa mikono nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta, sato kabaki na magamba upande mmoja. Mwisho nikasema ngoja nimalizie huku kwenye blogu, maana kule grupuni nikianza nitaambiwa nina roho ya upinzani.

Kwa wasionijua, mimi ni katibu wa kamati ya mikutano ya injili ya pamoja hapa Mwanza, huu mwaka wa 14. Makanisa sita kwa kawaida, kuna mwaka yalifika kumi na moja. Tumepiga mikutano uwanja wa Furahisha, tumepiga Igoma, Nyakato, na mwaka mmoja tulipanda kivuko na spika zetu mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe. Sihubiri, siimbi. Naandika muhtasari halafu nawakimbiza watu wasaini. Na hiyo sentensi ya "makaratasi ya nini" naisikiaga kila mwaka, kila mwaka mdomo mwingine, na anayenipigia saa nne usiku baada ya mkutano analalamika kadhulumiwa ni huyo huyo aliyeisema.

Watu wanadhani huduma ya pamoja inavunjika kwa sababu upendo ni mdogo, au mafundisho yanatofautiana, au shetani kaingia. Mafundisho! Jamani. Kwa miaka yote hii sijaona kamati imevunjika kwa ajili ya ubatizo wa maji mengi au maji machache. Hilo tunalimaliza dakika tano kikao cha kwanza: jukwaani hakuna kufundisha ubatizo, hakuna mjadala wa siku ya ibada, hakuna kutaja dhehebu la mtu, ukitaka hayo kafundishe kwako. Wote tunakubali tunasonga. Kinachovunja ni vitu ambavyo mtu anaona aibu hata kuvitaja kwenye maombi, nani kashika mfuko wa sadaka, dizeli ya jenereta kalipa nani, kadi za waongofu zimeenda wapi, kwaya ya nani imepewa saa kumi na mbili uwanja umejaa na ya nani imepewa saa nane inaimbia mbuzi.

Sasa buti.

Kuna mwaka, siku ya tatu ya mkutano, ikaja ile mvua ya ghafla ya kutoka ziwani, turubai linapaa, vijana wanakimbiza spika, mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima, mstaafu, akauchukua mfuko wa sadaka akauweka kwenye buti la gari lake usilowe. Katika ile purukushani akaondoka nao. Kesho yake saa mbili asubuhi kauleta. Fundo lilikuwa lile lile alilofunga shemasi kwa kipande cha kanga, halijaguswa. Hakuna aliyeiba hata mia. Narudia kwa sababu kila nikiisimulia hii naona watu wanasubiri nimtaje mwizi: hakuna mwizi. Ila kati ya saa moja jioni na saa mbili asubuhi meseji zilikuwa zimeshatembea mji mzima, "sadaka imelala kwa fulani". Na kwa vile haikuhesabiwa uwanjani, hakuna mtu duniani aliyeweza kusema imetimia, kwani imetimia kwa hesabu gani? Mzee kafungua mfuko mbele yetu, noti zina unyevu, vidole vinatetemeka, anasema "hesabuni wenyewe". Tukahesabu. Tukapata kiasi. Halafu mtu mmoja nyuma, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza, "Na jana zilikuwa ngapi?"

Basi ndo ikawa imeisha. Makanisa mawili yakajitoa, mkutano haukufanyika miaka miwili, na yule mzee mpaka leo anakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, ukimpa kazi yoyote anakwambia miguu inamuuma.

Ndo maana mtu akiniambia "Mama katibu, kwani hutuamini?" huwa nachoka kabisa. Karatasi haimzuii mwizi, mwizi atasaini kwa mwandiko mzuri kuliko nyie wote. Naiandika kwa ajili ya yule mzee. Usiku ule kungekuwa na kipande cha daftari chenye kiasi na majina matatu, yule wa sauti ya upole angejibiwa kwa sekunde mbili, mzee akaenda kunywa chai. Ukipita Makoroboi, mfanyabiashara yeyote atakwambia mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna anayemwambia amepungukiwa imani.

Halafu hawa wa "Roho ataongoza" sijui wanasomaga Biblia ipi. Matendo 6, wajane wa upande mmoja wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula, manung'uniko yanaanza, mitume wanafanya nini? Wanachagua watu saba, na sifa ya kwanza wanayotaka ni watu wenye sifa njema waliojaa Roho na hekima. Kwa kazi ya kugawa chakula! Huo ujazo wa Roho ulitakiwa mezani, kwenye sahani. Paulo naye, mchango wa Yerusalemu, anawaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe awatume na barua wapeleke (1 Wakorintho 16), na kwenye barua ya pili sura ya 8 anasema wazi kwamba anatuma na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu asije akawalaumu, maana wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Paulo! Mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu alijua kuna mtu atakaa nyuma ya ukumbi aulize zilikuwa ngapi.

Siku hizi sisi tunafanya hivi: sadaka inahesabiwa pale pale nyuma ya jukwaa, hata kwa tochi ya simu, watu watano na wasipungue watatu, hakuna wawili wa kanisa moja, kiasi kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, wote wanasaini, picha ya karatasi inarushwa grupuni kabla gari la kwanza halijawashwa. Barua ya polisi na ya mtendaji inabeba majina matatu, siyo jina la mchungaji mmoja. Vyombo, dizeli, usafiri wa mnenaji, vyote vina mwenyewe kwenye orodha. Hayo mepesi.

Yasiyo mepesi ni kadi, na hapa mnivumilie.

Mtu akinyoosha mkono akaja mbele, mshauri anamwandikia kadi: jina, simu, mtaa, anaombewa nini. Usiku wa mwisho una rundo la kadi. Ni za nani? Mwanzoni tulisema kila mshauri aondoke na aliyemwombea. Kanisa kubwa likaleta washauri arobaini wenye fulana, kanisa dogo lina wawili na mmoja wao ndo anapiga kinanda, mnajua ilivyokwenda. Mwaka uliofuata tukasema tugawane sawa, kadi 60 makanisa sita kumi kumi, haki kabisa kwenye karatasi, ila ukampeleka mama wa Kisesa kwenye kanisa la Mkuyuni, apande daladala Jumapili asubuhi na watoto watatu, aende kwa watu asiowajua? Haendi. Tukasema basi kwa mtaa, kila mtu kanisa la karibu na kwake. Hiyo inasikika ina akili, ila kuna mtaa mmoja una makanisa yetu matatu yanasikiana mahubiri, na kuna binti kaletwa na jirani yake anayesali kanisa fulani, wewe unamtoa kwa jirani yake unampeleka kwa mgeni kisa ramani.

Mwisho tukabadilisha swali la kwanza kwenye kadi. Kabla ya jina, kabla ya simu: "Leo umekuja na nani?" Aliyekuja na mtu anaenda na mtu wake. Aliyekuja peke yake ndo tunaangalia mtaa, na mtaa ukigongana tunakwenda kwa zamu. Ilituchukua miaka sita kufika hapo, na wala siyo maono, ni ugomvi.

Na kuna wale wanaonyoosha mkono huku wana kanisa lao tayari, Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, yeyote. Hapa ndo nimewahi kurushiwa kalamu. Msimamo wetu ulioandikwa ni kwamba unamrudisha kwao, unamwambia mchungaji wake au padri wake kama mwenyewe anapenda, basi. Kuna watumishi wanasema huko ni kumrudisha Misri. Sawa, lakini ukimchukua muumini wa mwenzako halafu mwakani ukaandika barua ya kumwalika huyo mwenzako kwenye mkutano wa pamoja, unataka akusomeje?

Watu wanasahau pia kwamba mambo makubwa ya Wakristo kushirikiana kwenye nchi hii yamesimama juu ya karatasi. Mwaka 1992 maaskofu Wakatoliki na makanisa ya CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania ya Walutheri, Waanglikana na wenzao, waliunda ile Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ya kusimamia hospitali na shule zao kwa pamoja, na mwaka huo huo wakatia saini makubaliano na serikali. Watu wasiokula meza moja ya Bwana! Bugando pale juu ya kilima ni hospitali ya maaskofu Katoliki inayoendeshwa kwa ubia na serikali, ukifika pale unatibiwa, hakuna anayeuliza kwanza kama wanapendana. Na mbali kidogo nyuma, mwaka 1909, wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliikabidhi kazi ya Nassa, huko ghuba ya Speke, kwa wenzao wa AIM (Africa Inland Mission), ndo mizizi ya kanisa la AICT (Africa Inland Church Tanzania) la leo. Misheni nzima unamkabidhi mtu wa chama kingine! Leo kukabidhiana maiki tu ni ugomvi.

Kuna jamaa kila mwaka ananijibu na Luka 5, nyavu zimejaa, Petro anawapungia mikono wenzake wa chombo cha pili, wanakuja, hakuna fomu wala kikao. Kweli. Ila tazama hao wanaitwaje: washirika. Siyo washirika kama tunavyosema sisi, waumini wa kanisa fulani wanaokaa kwenye viti. Yakobo na Yohana walikuwa wanafanya kazi ya uvuvi na Simoni, watu wa biashara moja, walijuana kabla ya ile asubuhi. Nenda mwaloni Kirumba alfajiri mitumbwi ya dagaa ikiingia. Kalamu hutaiona, lakini hata kijana wa kushika karabai anajua mgao kabla hawajasukuma mtumbwi: mafuta yanatoka kwanza, mwenye mtumbwi na mashine ana chake, wavuvi wana chao. Hawaanzi kuulizana samaki wakishajaa. Sisi tunaanza kuulizana samaki wakishajaa, na mvua inanyesha.

Ila hapo hapo huyo jamaa huwa ananipata kidogo, niseme ukweli. Wale wavuvi hawahitaji karatasi kwa sababu wanalala chombo kimoja usiku kucha. Sisi tunaonana vikao vinne kwa mwaka. Mwaka uliotulia kuliko yote kwenye hii miaka 14 siyo ule wenye fomu nzuri, ni ule ambao hela ya mpishi haikupatikana, mama wachungaji wote wakapika wenyewe kwenye masufuria yale yale siku tano, wakajuana mpaka na presha za waume zao. Mwaka ule nusu ya fomu zangu hazikusainiwa na hakuna aliyegombana. Sijui niiweke wapi hiyo. Na lingine linaloniamshaga usiku: tunagombania kadi ambazo nyingi ukipiga simu haipatikani. Mama mmoja nina kadi zake tatu za miaka mitatu, mtu yule yule, kila mwaka tumemtangaza kama mtu mpya. Nilimuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, mimi naendaga kuombewa goti." Halafu kuna michango, tumeandika kila kanisa litoe sawa, kanisa la watu mia nane na la watu kumi na tano chini ya mwembe, na sijui kama hiyo ni haki au ni mimi tu nilitaka hesabu iwe rahisi.

Kwa hiyo kijana wangu mhubiri, najua unasoma huku maana ulilike posti ya mwezi uliopita, kikao ni Jumamosi saa tisa, fomu ziko nane, njoo na kalamu yako. Ajenda ya kwanza siyo sadaka, ni bango. Tulishakubaliana zamani majina ya makanisa yapangwe kwa alfabeti ili asigombane mtu, imefanya kazi miaka saba. Sasa kuna kanisa limebadilisha jina mwezi wa tatu, linaanza na A mbili.