Figo Uliyopandikizwa: Dawa Haziachwi kwa Sababu "Mwili Umeshazoea"

Tangu Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wapewe Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025 kwa kazi yao juu ya seli T zinazotuliza kinga, kliniki yetu ya waliopandikizwa figo, ambao humeza dawa za kulaza kinga ya mwili ili isiikatae figo hiyo, inaulizwa swali moja: "Daktari, sasa dawa tunaacha lini?"

Huachi.

Kinga kuvumilia kiungo cha mtu mwingine si hadithi. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake waliwadunga panya, wakiwa bado tumboni, seli za panya wa ukoo mwingine. Walipokua, walipandikizwa ngozi ya ukoo ule na hawakuikataa. Kwa binadamu, madaktari wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, Marekani, waliweka figo pamoja na uloto (ute wa ndani ya mifupa) wa mchangiaji huyohuyo. Uloto ndiko zinakozaliwa seli za kinga, hivyo kwa muda za mwenyeji na za mgeni ziliishi mwili mmoja. Ripoti yao ya 2008 ilihusu wagonjwa watano. Wanne waliacha dawa, mmoja figo yake ikakataliwa. Hayo yalifanywa kwa maandalizi mazito na uangalizi wa karibu. Figo haizoeleki kama jirani mpya, eti miaka ikipita mnasalimiana.

Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa hizo za kulaza kinga, njoo asubuhi kabla ya kumeza dozi, vidonge ukiwa navyo. Tunatoa damu kwanza, ndipo unameza. Ukimeza saa 12 kisha ukatolewa damu saa 2, kiwango kitaonekana kiko juu na tutakupunguzia dozi bila sababu. Andika pia saa uliyomeza jana usiku. Saa kamili, si "baada ya chakula".

Balungi usile. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, tuambie siku hiyohiyo, maana hushusha takrolimasi mwilini. Na hizi dawa za asili za "kuongeza kinga"! Sisi tunailaza kinga yako kwa makusudi, wewe unanunua chupa ya kuiamsha?

Figo inayokataliwa mara nyingi haiumi. Kreatinini, taka ya damuni tunayoipima kujua figo inavyofanya kazi, inaweza kupanda huku mkojo ukitoka kama kawaida, na ukichelewa unarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kama umeshaacha dawa, usingoje tarehe ya kliniki, wala usijirudishie dozi mwenyewe. Njoo leo na pakiti zilizobaki, tuzihesabu pamoja. Hatutakugombeza.