Toharani na Biblia: Dhana Potofu za Pande Zote Mbili

Kila ifikapo tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Wakatoliki huwaombea jamaa zao waliotangulia mbele ya haki, na katika parokia nyingi za Afrika Mashariki majina ya marehemu husomwa au kuwekwa altareni kwa mwezi mzima. Ndugu zao wa madhehebu mengine huuliza swali lile lile: toharani, yaani utakaso wa baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni, imeandikwa wapi? Majibu ya haraka, ya anayetetea na ya anayepinga, mara nyingi hudai makubwa kuliko yale ambayo aya zenyewe zinasema, na ndiyo maana ubishi huu hauishi.

Dhana: Toharani ni nafasi ya pili kwa waliokufa bila kutubu.

Sivyo Kanisa Katoliki linavyofundisha. Kwa mujibu wa Katekisimu yake, yaani kitabu cha mafundisho yake rasmi, wanaopitia utakaso huo ni wale tu waliokufa katika neema na urafiki wa Mungu, ambao wokovu wao wa milele umekwisha kuthibitika, lakini bado hawajatakata kikamilifu. Aliyekufa katika dhambi ya mauti, yaani dhambi nzito, bila toba hana njia ya kupitia huko kwenda mbinguni. Kwa hiyo anayeinua Waebrania 9:27, isemayo kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo hukumu, anatetea jambo ambalo Wakatoliki nao wanalikubali, kwa kuwa wao wenyewe hufundisha kwamba kila mtu huhukumiwa mara tu anapokufa. Hoja ya kuzungumzwa ni nyingine kabisa: je, mtu aliyekwisha kuokoka anahitaji kutakaswa zaidi kabla ya kumwona Mungu, na kama anahitaji, utakaso huo unafanyika lini na kwa njia gani?

Dhana: Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinaitaja toharani waziwazi.

Hii ndiyo aya inayotajwa kwanza, na inafaa isomwe yote badala ya kunukuliwa mstari mmoja. Katika sura ya 12, Yuda Makabayo na watu wake, baada ya vita dhidi ya Gorgia, jemadari wa adui zao, wanarudi kuiokota miili ya wenzao ili waizike. Wanapoiinua, wanakuta chini ya nguo za kila mmoja hirizi za miungu ya Yamnia, vitu ambavyo Torati iliwakataza Wayahudi. Wote wanaelewa papo hapo kwa nini wenzao wameuawa. Wanasali dhambi hiyo ifutwe, kisha Yuda anachangisha drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi. Mwandishi anasifu tendo hilo kwa sababu Yuda alikuwa akiufikiria ufufuo: kama asingetumaini kwamba walioanguka watafufuka, kuwaombea wafu kungekuwa upuuzi.

Habari hii inathibitisha jambo moja zito, nalo ni kwamba kabla ya Kristo walikuwapo Wayahudi walioamini kwamba maombi na sadaka za walio hai vinaweza kuwafaa wafu. Lakini haisemi roho hizo ziko wapi, haitaji moto, haitaji muda wa kutakaswa, na macho yake yote yako kwenye siku ya ufufuo. Tena kuna ugumu ambao watetezi wengi huupita kimyakimya: kosa la askari hao lilikuwa kubeba vitu vya sanamu, na ibada ya sanamu kwa hesabu ya Kikatoliki ni dhambi nzito, ilhali toharani haikuwekwa kwa ajili ya wanaokufa na dhambi nzito isiyotubiwa. Wapo wanaojibu kwamba mwandishi anawahesabu kuwa watu waliolala katika uchaji, na kwamba huenda walitubu kabla ya kukata roho. Huenda. Kwa maoni yangu, aya hii ni ushahidi madhubuti wa kuwaombea wafu, na ni ushahidi wa toharani kwa mtu ambaye tayari ana sababu nyingine za kuiamini.

Dhana: Wakatoliki waliviongeza vitabu vya Wamakabayo katika Biblia ili wapate pa kuegemeza toharani.

Ni kweli kwamba Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitangaza orodha ya vitabu vitakatifu mwaka 1546, wakati mabishano na Waprotestanti yakiwa yamepamba moto. Hata hivyo vitabu hivyo vilikuwa katika orodha za sinodi za Afrika ya Kaskazini, ile ya Hippo ya mwaka 393 na ile ya Karthago ya mwaka 397, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kiprotestanti. Ni kweli vilevile kwamba havimo katika Biblia ya Kiebrania, na kwamba Yeronimo, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kilatini, hakuwa radhi kuviweka daraja moja na vingine. Luther hakuvitupa: katika Biblia yake ya Kijerumani ya mwaka 1534 alivikusanya mahali pa peke yake, akavieleza kuwa vizuri kusomwa ingawa havilingani na Maandiko Matakatifu. Hapa ndipo Mkatoliki na Mlutheri wanapopishana hata kabla hawajafungua ukurasa, maana kila mmoja ana Biblia yenye idadi tofauti ya vitabu.

Mfano mzuri ni wa mwaka 1520. Papa Leo X alipoorodhesha kauli za Luther alizozilaani, mojawapo ilisema kwamba toharani haiwezi kuthibitishwa kwa Maandiko Matakatifu yaliyomo katika kanoni, yaani orodha rasmi ya vitabu vya Biblia. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba ubishi wote. Mwaka mmoja kabla, katika mdahalo wa Leipzig, Luther alikuwa bado anakubali kwamba toharani ipo. Alichokataa ni kwamba Wamakabayo wangeweza kutumika kumfunga mtu asiyekikubali kitabu hicho. Wanaosema kwamba aliikana toharani katika hoja zake 95 za mwaka 1517 hawajazisoma, kwa kuwa kadhaa kati ya hoja hizo zinazizungumzia roho za toharani kama jambo linalojulikana, na shabaha yake ilikuwa biashara ya rehema, yaani kuuza ondoleo la adhabu za dhambi. Aliipinga toharani yenyewe kwa maandishi baadaye, mwaka 1530.

Dhana: Agano Jipya halina hata neno moja la kuegemea, au kinyume chake, Paulo alikwisha kulimaliza suala hili.

Hapa pana haja ya kwenda polepole. Katika 1 Wakorintho 3:10-15 Paulo anasema kwamba msingi ni Yesu Kristo, na kwamba watu hujenga juu yake kwa dhahabu, fedha, vito vya thamani, miti, majani au mabua. Siku ile itaidhihirisha kazi ya kila mmoja, kwa kuwa moto utaijaribu. Ambaye kazi yake itateketea atapata hasara, ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini kama kwa moto.

Mtetezi wa toharani ana haki ya kuona kitu hapa. Yupo mtu anayeokolewa, na wokovu wake unapita katika hasara na moto. Hiyo si picha ya mtu anayeingia mbinguni moja kwa moja bila lolote kumpata, wala si picha ya anayepotea. Lakini mpingaji naye ana haki ya kuitazama sura nzima. Paulo ametoka kusema kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, kwa hiyo wajenzi anaowazungumzia kwanza ni wahudumu wa Injili, na kinachojaribiwa ni kazi yao. Moto huo unapima. Haisemwi kwamba unamsafisha mtu. Nao unawaka siku ya hukumu, wala haukai katikati ya kifo na ufufuo.

Liko pia jambo ambalo pande zote mbili kwetu hulisahau. Yohane Krisostomo, askofu na mhubiri wa Kigiriki wa karne ya 4, aliyezaliwa na kulelewa katika lugha ile ile aliyoiandikia Paulo, alilielewa neno hilo la kuokolewa kwa namna ya kutisha: kwamba mwenye dhambi hatateketea akaisha kama kazi zake, bali atahifadhiwa hai ndani ya moto. Maaskofu wa Kigiriki waliitumia tafsiri hiyo dhidi ya Walatini, yaani Wakatoliki wa Magharibi, huko Ferrara, Italia, mwaka 1438, pande hizo mbili zilipokutana kutafuta umoja. Mimi siamini kwamba Krisostomo alipatia, kwa sababu Paulo anaweka wokovu upande wa pili wa hasara. Hata hivyo, ikiwa msomaji wa kiwango chake aliweza kuisoma hivyo, ni vigumu kushikilia kwamba aya hiyo inajieleza yenyewe.

Mathayo 12:32 inasema kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hatasamehewa katika ulimwengu huu wala katika ule ujao. Papa Gregori Mkuu alitoa hoja kwamba, ikiwa kosa hili halisamehewi huko, basi yako makosa mengine yanayosamehewa. Hoja hiyo imo hadi leo katika Katekisimu. Kimantiki ina uzito kidogo tu, kwa sababu Marko 3:29, inayosimulia kauli hiyo hiyo, inasema mtu huyo hana msamaha hata milele, jambo linaloonyesha kwamba maneno ya Mathayo yanaweza kuwa namna ya kusisitiza tu. Dhaifu zaidi ni Mathayo 5:26, juu ya kutotoka kifungoni hadi senti ya mwisho ilipwe, kwani Yesu hapo anahimiza watu wapatane kabla ya kufika kwa kadhi. Kuhusu Onesiforo wa 2 Timotheo 1, ambaye Paulo anamwombea apate rehema siku ile huku akiisalimu nyumba yake bila kumsalimu yeye, wapo wafafanuzi wengi wanaodhani alikuwa amekufa, lakini barua haisemi hivyo.

Dhana: Mwizi aliyetubu msalabani anaifuta toharani.

Yesu alimwahidi kwamba siku ile ile angekuwa naye peponi. Ahadi hiyo inaonyesha kwamba mtu anaweza kumfikia Kristo bila kukawia, na hakuna Mkatoliki anayelikana hilo, kwa kuwa Kanisa lake halifundishi kwamba kila anayeokoka lazima apite toharani. Wafilipi 1:23, ambapo Paulo anatamani kuondoka akae na Kristo, nayo inaeleza tamaa na tumaini lake bila kuweka kanuni kwa kila mwamini. Hoja nzito ya Waprotestanti haitoki katika aya hizi. Inatoka katika Waebrania 10:14 na 1 Yohana 1:7, ambazo zinasema kwamba kwa toleo moja Kristo amewakamilisha wanaotakaswa, na kwamba damu yake husafisha dhambi yote. Mkatoliki hujibu kwamba toharani si malipo mengine nje ya msalaba, bali ni tunda la msalaba huo huo likimfikia mtu hadi ndani. Ubishi ukifika hapo, umefika mahali pake, na afadhali watu wabishane hapo kuliko kurushiana mwizi na hirizi.

Dhana: Toharani ilibuniwa na mapapa wa Enzi za Kati ili wajipatie fedha.

Biashara ya rehema ilikuwapo na ilikuwa aibu. Mtaguso wa Trento wenyewe, mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu wakataze mambo yote yanayonuka ushirikina na tamaa ya mapato machafu. Lakini imani haikuanzia huko. Mwaka 203, Perpetua, mama kijana aliyefungwa Karthago akingoja kuuawa kwa ajili ya Kristo, alimwona katika maono mdogo wake Dinokrate, aliyefariki akiwa na miaka saba kwa ugonjwa wa kidonda usoni. Mtoto alitoka mahali penye giza, ana joto na kiu, kidonda kingali usoni, na mbele yake palikuwa na birika la maji ambalo ukingo wake ulikuwa juu kuliko kimo chake. Perpetua akamwombea usiku na mchana. Akamwona tena, safi, kidonda kimekuwa kovu, ukingo umeshuka hadi kiunoni pake, naye akinywa na kucheza. Hayo si Maandiko, wala simulizi hilo halitaji toharani. Ila linaonyesha Wakristo wa wakati ule walivyotarajia sala zao ziwafikie wafu.

Mjini humo humo, katika miaka hiyo hiyo, mwandishi Mkristo Tertuliani aliandika kwamba Wakristo huwatolea wafu sadaka katika kumbukumbu za kila mwaka, kisha akakiri kwamba ukidai agizo la Maandiko kwa desturi kama hizo hutalipata, kwa kuwa zinasimama juu ya mapokeo. Agostino, askofu wa Hippo, zaidi ya miaka mia mbili baadaye, aliandika kwamba si jambo lisilosadikika kwamba baadhi ya waamini huokolewa kwa moto wa kutakasa baada ya maisha haya, lakini aliliacha liwe suala la kuchunguzwa, ambalo huenda likathibitika na huenda likabaki fumbo. Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff, mwaka 1981, alionyesha kwamba toharani kama mahali penye jina lake ilishika sura katika miongo ya mwisho ya karne ya 12. Mitaguso ya Lyon mwaka 1274 na Firenze mwaka 1439 ndiyo iliyolitamka fundisho hilo rasmi, bila kulazimisha moto wa kuunguza ambao Wagiriki waliukataa. Waorthodoksi hadi leo huwaombea wafu wao na hawana toharani, jambo linaloonyesha kwamba desturi ya kwanza haimlazimishi mtu kufika kwenye fundisho la pili.

Trento nao ulifundisha mambo mawili tu: kwamba toharani ipo, na kwamba roho zilizoko humo husaidiwa kwa maombi ya waamini, hasa kwa sadaka ya altare, yaani Misa. Ulisema Kanisa limelipokea fundisho hilo kutoka katika Maandiko Matakatifu na mapokeo ya kale ya Mababa, ukavitaja viwili hivyo pamoja, na katika agizo lake haukunukuu aya yoyote.