Bei ya kitenge isimsubiri developa

Mwezi uliopita nilikaa na mama mmoja mwenye duka la vitenge na leso pale Biashara Street, tuzungumzie tovuti mpya. Hata kompyuta sijafungua, akaniwekea sharti. "Kijana wangu, ile ya kuandikwa msimbo kwa mkono sitaki. Ya kwanza ilikuwa hivyo, na kila nikitaka kubadilisha bei lazima nimpigie aliyeitengeneza. Naye simu hapokei."

Nimechoka kulisikia hili. Wateja wanalisema, na developa wenzangu badala ya kulipinga wanaliitikia: eti tovuti ya mkono ni ya developa, na mwenye biashara anayetaka kujihudumia aende WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, awekewe plagini, yaani nyongeza, ya kupanga ukurasa kwa kuburuta vitu. Jamani, WordPress nayo ni msimbo, watu wameuandika tangu 2003. Karani anaweza kuitumia kwa sababu kuna mtu aliyeamua mapema kwamba kichwa kinaandikwa hapa, picha inapakiwa pale, na mengine hayaguswi. Uamuzi kama huo unaweza kufanywa kwenye tovuti yoyote. Aliyemtengenezea huyu mama hakuufanya.

Nilifungua faili zake nikaona. Namba ya Till, ile ambayo wateja wanalipia kwa M-Pesa, imeandikwa mahali patano: juu ya kila ukurasa, chini, ukurasa wa mawasiliano, kwenye ujumbe wa kuthibitisha oda, na ndani ya picha ya tangazo. Mama alipobadilisha Till, developa alirekebisha mahali patatu akaona amemaliza. Till ya zamani ilikuwa ya dada yake, na biashara walishaigawana. Kwa hiyo kuna wateja waliolipa kwa dada, wakaja dukani na ujumbe wa M-Pesa kudai mzigo. Tatizo hilo halihusiani na mteja kujua msimbo au kutoujua. Kitu kimoja kinapaswa kukaa mahali pamoja, na kurasa zote zikisome kutoka hapo. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, na bado nalikuta limepuuzwa kila mwezi.

Halafu kuna wale wanaoacha maoni ndani ya faili: BADILISHA BEI HAPA, kwa herufi kubwa, wakiamini wamemsaidia mtu. Hebu fikiria anayekwenda kubadilisha. Ni msichana wa kaunta, ameshika simu, mteja amesimama mbele yake. Akifuta mkwaju mmoja (/) wa kufunga, nusu ya ukurasa inahamia mahali pengine. Akiwa na iPhone, kibodi inamgeuzia alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Kwa macho yake ni zilezile, kwa kivinjari ni herufi nyingine kabisa, na kiungo kinakufa. Kuhamishia maandishi kwenye faili la JSON, yaani orodha yenye alama zake kali, hakumwokoi, maana mkato mmoja wa ziada mwishoni unaliangusha faili zima. Ukimpa YAML, orodha nyingine inayopangwa kwa nafasi za mwanzo wa mstari, ajue kuzihesabu. Hayo yote yanamrahisishia developa kazi, naye anayahesabu kuwa ni urahisi wa mteja.

Mimi huanza na simu ya mteja. Nilimwomba huyu mama afungue WhatsApp, tusome pamoja alichokuwa akimwandikia yule developa. Karibu kila ujumbe ulihusu mambo manne: bei imebadilika, kitambaa kimeisha, kuna picha mpya, na duka litafunguliwa saa ngapi sikukuu. Basi hayo manne ndiyo yanapata fomu. Rangi, ukubwa wa herufi, mpangilio wa kurasa, hakuna mahali popote alipoomba vibadilishwe. Kumpa vitufe vya kubadilisha rangi ni kumpa namna ya kuharibu ambayo hakuiomba.

Fomu yenyewe ni kazi nyepesi. Ukitumia WordPress kuna plagini ya Advanced Custom Fields ya kuongeza visanduku, usipotumia WordPress unaandika kurasa mbili za PHP, lugha ya msimbo wa upande wa seva. Jina la kuingilia na nywila, kupunguza picha kabla ya kuhifadhi, sirudii hapa.

Panaponikera ni ndani ya kisanduku chenyewe. Chukua bei. Mtu wa Nairobi anaandika 1,500 au 1500/= au KSh 1500, na yote ni sahihi. Ukiiachia parseFloat, amri ya kusoma namba katika lugha ya JavaScript, isome "1,500", inafika kwenye mkato, inasimama, inakurudishia 1. Kitenge cha yadi sita kinauzwa shilingi moja. Nimeliona hilo kwenye tovuti iliyokuwa hewani, na aliyelaumiwa ni karani, eti "hakuandika vizuri". Aliandika vizuri! Aliandika kama inavyoandikwa kwenye risiti zote za mtaa huo. Kuondoa mkato, herufi na mikwaju kabla ya kusoma namba ni mstari mmoja wa msimbo, na mstari huo ni jukumu letu.

Chukua saa. Mama anaandika duka linafunguliwa "saa 2", kwa maana ya asubuhi. Binti yake, kwenye fomu ileile, anaandika 8. Ukiweka kisanduku cha maandishi matupu, tovuti itawaambia watu wafike saa nane mchana. Mimi ninaweka orodha ya kuchagua iliyoandikwa "saa mbili asubuhi", "saa mbili na nusu asubuhi", na msimbo ndio unaotafsiri kuwa 8:00. Namba ya WhatsApp vivyo hivyo: yeye anaandika 07 na kuendelea, kiungo cha wa.me kinataka 254 bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Mgeuzie kimyakimya, usimwonyeshe maandishi mekundu.

Na majina! Nimekuta paneli ya kuhariria tovuti ya shule yenye kisanduku kinachoitwa hero_text_2. Mwalimu atajuaje? Kiite "Sentensi iliyo chini ya picha kubwa ya mwanzo", hata kama ni ndefu, na pembeni weka picha ndogo ya ukurasa yenye duara mahali hapo. Naweza kutumia asubuhi nzima kuchagua majina ya visanduku sita, na siioni kuwa asubuhi iliyopotea.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote kinasema "Rudisha ilivyokuwa". Mtu haogopi tovuti kwa sababu ya msimbo. Anaogopa kuharibu mbele ya watu na kukosa wa kumpigia. Hifadhi matoleo yaliyopita, hata kumi tu, uone atakavyoanza kujaribu.

Sasa yanayonisumbua. Sijui mpaka sahihi uko wapi. Niliwahi kutengeneza paneli ya visanduku karibu arobaini, na baada ya mwaka rekodi zilionyesha viwili tu ndivyo vilivyowahi kuguswa. Mteja mwingine nilimbania, akaajiri mtu aliyebandika matangazo kama picha juu ya ukurasa, na nilipoiona nilikiri moyoni kwamba hitaji lilikuwa la kweli na mimi sikulisikia. Google Sheets pia bado sijaiamulia. Watu wameizoea na wanaifungua bila hofu, lakini mhasibu wa duka moja alipanga safu ya majina kwa alfabeti peke yake, bei zikabaki zilipokuwa, na kila kitambaa kikachukua bei ya jirani yake. Bado naitumia. Kazi hii ya fomu pia hunichukua muda sawa na ule wa kutengeneza kurasa zenyewe, na sijapata namna nzuri ya kuieleza kwenye ankara, maana mteja anaona kisanduku kimoja cheupe na kitufe.

Jumamosi nilirudi Biashara Street kumjaribisha. Sikumwelekeza kitu. Alitoa simu, akatafuta kitenge cha kijani, akaandika 1,650/= akabonyeza "Hifadhi", kisha akamwita mteja aliyekuwa mlangoni afungue ukurasa kwenye simu yake mwenyewe. KSh 1,650. Akafanya cha pili na cha tatu bila kuniangalia. Kwenye cha nne akasimama, akaniuliza bei ya wanaochukua jora zima aiandike wapi. Nilirudi juu kwenye zile jumbe za WhatsApp. Alikuwa ameitaja, mara mbili, na nilikuwa nimeipita.