Stika ya i7 haiongezi kasi: tunavyodanganyana kuhusu kompyuta za mtumba

Ukizunguka maduka ya Mwanza mjini kutafuta kompyuta ya mtumba, sifa utakazosikia ni nyingi, na nusu yake zimeishia kwenye stika.

"Hii ni i7, achana na hizo i5."
i7 na i5 ni majina ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na i7 peke yake haikuambii kitu. Soma namba zinazofuata. i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ina viini (cores, sehemu zinazofanya kazi) viwili. I5-8250U ni ya kizazi cha 8, ina vinne, na kwa kazi nyingi inaiacha mbali i7 hiyo. Kuna jambo la pili zito zaidi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa masharti yake Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Fundi anaweza kuilazimisha kwenye mashine ya zamani na ikawaka vizuri tu, ila masasisho hujaahidiwa. Kama mfuko unaishia kizazi cha 4, mimi ningeweka Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, ambao ni wa bure. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT anayeandika ripoti na kuingia mtandaoni hahitaji zaidi ya hapo. Stika yenyewe usiiamini, maana hubandikwa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome jina la prosesa mwenyewe.

"Ikiwa nzito, ongeza RAM."
Wakati mwingine ni kweli. Lakini mashine ya GB 8 yenye diski ya kuzunguka bado itakuchosha wakati wa kuwaka. Weka SSD kwanza, yaani diski isiyozunguka. Diski iliyomo ipime kabla ya kulipa: nenda na programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi, na ikionyesha njano au nyekundu, punguziwa bei ya diski mpya au ondoka. Na kama umebaki na ya kuzunguka, usifunike mfuniko tu ukarukia bodaboda kwenda Igoma. Izime kabisa, diski isiwe inazunguka njiani.

"Betri imejaa asilimia 100, ni nzima."
Asilimia 100 ya nini? Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha Design Capacity (uwezo wa kiwandani) na Full Charge Capacity (uwezo wa sasa). Iliyotoka kiwandani na 50,000 na sasa inabeba 20,000 imebaki na asilimia 40, hata kama alama imejaa. Hilo ni la kupatana bei, si lazima la kukimbia, hasa kama utaitumia karibu na umeme.

"Chaja yoyote inayoingia ni sawa."
Volti zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi.

"Ikipata joto, ipulize kwa blowa."
Ipulize, ila zuia feni isizunguke, kwa sababu kuikimbiza kupita kiasi huiharibu. Kwetu kando ya ziwa vumbi huchanganyika na wale vijidudu vinavyofuata taa usiku. Ikiwa bado inachemka, pesti inayotoa joto la prosesa huenda imekauka. Mwambie fundi aibadilishe.

"Nenosiri la BIOS fundi atalitoa."
BIOS ni programu ya ndani inayowaka kabla ya Windows. Mitumba mingi ilikuwa ya maofisi, na kwenye nyingi za aina hiyo kuchomoa betri ndogo ya ubao hakufuti kitu. Ukiwa bado dukani, izime, iwashe, ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mrudishie mashine yake, pesa ibaki kwako.