Je, wajua kwa nini tarakimu za deki za zamani zilikuwa kijani chenye ubuluu, na saa ya taa hizo huundwaje nyumbani?

Aliyewahi kukaa mbele ya deki ya video, redio kubwa ya mezani au maikrowevu ya miaka ya 1980 na 1990 anaijua rangi ile: kijani chenye ubuluu, inang'aa vizuri lakini haiumizi macho. Ukisogeza uso karibu na kioo unaona nyaya nyembamba zimepita mbele ya tarakimu. Tarakimu hizo ni taa ziitwazo kwa Kiingereza vacuum fluorescent display (VFD), na siku hizi kuna watu wanazitafuta kwa udi na uvumba, hasa zile za chupa ya kioo zilizotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti, wakaziundie saa za mezani.

Rangi ile inatoka wapi? Na mtu asiye na kiwanda anaziwashaje? Jibu la maswali yote mawili linaanzia mahali pamoja: taa hii ni valvu ya redio. Ndani yake mna vitu vilevile vitatu ambavyo fundi redio wa zamani alivijua, yaani uzi wa kupata moto, wavu wa kuruhusu au kuzuia, na bamba la kupokea. Ukivielewa hivyo vitatu, saa nzima inakuwa kazi ya kumpa kila mmoja anachohitaji.

Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza, yenye uzi wa moto na bamba tu. Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani akaongeza waya wa tatu katikati yao, na kwa volti kidogo kwenye waya huo akaweza kutawala mkondo mkubwa. Redio zote za valvu zilisimama juu ya ugunduzi huo. Kisha mwaka 1935 kampuni ya RCA ikatoa valvu iitwayo 6E5, lile jicho la kijani lililokuwa likifumba na kufumbua kwenye uso wa redio unapotafuta stesheni. Hapo valvu ilianza kuonyesha kitu, haikuishia kukuza sauti.

Tarakimu zenyewe zilikuja katikati ya miaka ya 1960, Japani, katika kampuni ya Ise Electronics chini ya Tadashi Nakamura. Mashine za kupigia hesabu zilikuwa zikitumia taa za Nixie, chupa za kioo zenye tarakimu za waya zinazong'aa ndani ya gesi, zilizouzwa na Burroughs ya Marekani tangu 1955. Nixie ni nzuri mno kwa macho, lakini hutaka volti karibu 170, na chipu ndogo za mashine za hesabu hazikuwa rafiki wa volti za namna hiyo. Taa ya Nakamura ilifanya kazi kwa volti makumi machache tu. Mwaka 1969 Sharp walipotoa mashine ya mezani ya QT-8D, tarakimu zake zilikuwa za taa hizi, na sifuri yake ilikuwa fupi, nusu ya urefu wa tarakimu nyingine.

Sasa tuingie ndani ya chupa. Mbele kabisa kuna uzi wa tungsteni, mwembamba kuliko unywele, uliopakwa oksidi za bariamu, strontiamu na kalisi. Umeme ukipita, uzi hupata joto la nyuzi 600 na kitu za Selsiasi. Uzi wa balbu ya kawaida hufika nyuzi 2,500 au karibu na hapo, ndiyo maana balbu inaangaza chumba na mwako wa uzi huu hauonekani hata ukiwa kazini. Ule upako wa oksidi una sifa ya pekee: unaachia elektroni kwa urahisi, bila kusubiri moto mkali. Na kwa kuwa hewa imenyonywa yote, elektroni haina cha kugongana nacho njiani.

Nyuma ya uzi kuna wavu wa chuma wenye matundu madogo sana. Ukiupa volti chanya, unazivuta elektroni na nyingi zinapenya. Ukiupa volti hasi kidogo kuliko uzi, unazirudisha zilikotoka. Na nyuma ya wavu ndipo palipo na vipande saba vya tarakimu, kila kimoja ni bamba linalojitegemea lililopakwa poda nyeupe. Kipande chenye volti chanya kinapigwa na elektroni na poda yake inawaka. Kisicho na volti kinabaki giza.

Poda hiyo ni oksidi ya zinki iliyochomwa kwa namna inayoacha zinki ya ziada kidogo ndani yake. Hapa ndipo siri ya rangi ilipo. Televisheni za zamani zilitumia poda nyingine nyingi, lakini zile zilitaka elektroni zinazokimbizwa kwa maelfu ya volti. Oksidi ya zinki ya aina hii hupitisha umeme, kwa hiyo elektroni zinazoifikia hazirundikani juu yake na kuzisukuma nyuma zinazofuata. Inawaka hata kwa volti 20. Mwanga wake una kilele karibu na nanomita 505, yaani kijani kinachoelekea buluu. Wahandisi wa Japani hawakuichagua rangi hiyo kwa urembo. Walihitaji poda ya volti ndogo, na poda ya volti ndogo iliyong'aa kuliko zote ilikuwa na rangi hiyo.

Kwa bahati njema, jicho la mwanadamu gizani huona vizuri zaidi karibu na nanomita 507. Ndiyo maana saa ya taa hizi inasomeka chumbani usiku hata ikiwa imepunguzwa mwanga sana. Nani angepanga vizuri zaidi ya hapo?

Kwa anayeanza, taa ninayoipendekeza ni IV-18 ya Kisovieti. Ni chupa moja ndefu, zaidi ya sentimita 10, yenye tarakimu nane zilizolala ndani kwa mstari, na nafasi ya tisa pembeni yenye nukta na kistari cha kutoa. Ilikusudiwa kwa mashine za hesabu. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, maghala yalibaki na taa nyingi ambazo hazijawahi kutumika, na hadi leo zinauzwa kwa njia ya posta. Ukinunua, angalia doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa chupa. Hiyo ni bariamu iliyowekwa makusudi ili inyonye hewa yoyote iliyosalia. Doa likiwa la fedha au jeusi, taa ni nzima. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na taa hiyo haitawaka tena, hata fundi awe nani.

Usipotaka kuagiza, waulize mafundi. Deki mbovu, redio za gari na maikrowevu zilizokufa zina taa za aina hii zilizobapa, na kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi mitambo ya namna hiyo huvunjwa na bodi zake kutupwa. Ugumu wake ni kwamba taa ya deki ina maandishi yake yenyewe, na huna budi kutafuta kwa mita mguu upi ni wa nini. Anza na uzi: mara nyingi ni miguu ya mwisho kabisa, kushoto na kulia, na ndiyo pekee inayosoma ohmu chache kati yake. Usishangae kipimo kikiwa kidogo. Uzi wa IV-18 hutaka volti 5 na miliampea 85, yaani karibu ohmu 59 ukiwa wa moto. Ukiwa baridi, tungsteni huwa na ukinzani mdogo zaidi ya hapo.

Sasa ujenzi. Chaja ya simu inatoa volti 5, na kwa bahati hizo ndizo volti za uzi wa IV-18. Ukizima taa za chumba na kuuona uzi umekuwa mwekundu au wa machungwa, umezidisha, punguza mara moja kabla upako haujaungua.

Volti za wavu na vipande ni habari nyingine. Taa ndogo yenye tarakimu moja kama IV-6, inayowashwa mfululizo, inatosheka na volti 25. IV-18 hutaka zaidi, karibu 50, kwa sababu nitakayoieleza punde. Kuzipata kutoka kwenye volti 5 kunahitaji koili, transista, dayodi na kapasita. Transista inafungua mkondo kwenye koili kisha inaukata ghafla, makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Koili haikubali mkondo wake ukatwe ghafla, hivyo kila unapokatwa inapandisha volti mpaka zipate njia kupitia dayodi na kuingia kwenye kapasita. Volti 50 si za kuua kama za ukutani, lakini zinashtua, na kapasita huzihifadhi kwa muda baada ya kuchomoa chaja. Subiri kidogo kabla ya kugusa.

Swali linalowasumbua wengi: tarakimu nane zenye vipande saba na nukta ni vipande 64. Mbona chupa haina miguu 64? Vipande vya juu vya tarakimu zote vimeunganishwa pamoja ndani, vya kati vivyo hivyo, na kadhalika. Kinachotenganisha tarakimu ni wavu, kwa sababu kila tarakimu ina wavu wake. Kwa hiyo maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendesha programu ya saa, inatayarisha umbo la tarakimu ya kwanza, inawasha wavu wake peke yake kwa milisekunde moja, inauzima, inatayarisha ya pili, inawasha wavu wa pili, na hivyo hadi wa tisa. Mzunguko mmoja ni milisekunde 9, yaani mara 111 kwa sekunde, na jicho linaona zote zimewaka kwa pamoja. Kwa kuwa kila tarakimu inawaka sehemu moja ya tisa ya muda tu, inabidi iwake kwa nguvu zaidi katika muda wake. Hiyo ndiyo sababu ya zile volti 50.

Jumla ya nyaya za kutawaliwa ni 17: nane za vipande na tisa za nyavu. Maikrokontrola yenyewe haiwezi kutoa volti 50, kwa hiyo inaiamuru chipu nyingine izitoe. Chipu ya MAX6921 ina matokeo 20 yanayovumilia hadi volti 76, na chipu hiyo pamoja na IV-18 ndizo kampuni ya Adafruit ya Marekani ilizitumia katika saa yake ya kujiundia, Ice Tube Clock.

Ukishawasha kwa mara ya kwanza, kuna kasoro mbili utakazoziona, na zote mbili zinapendeza kuzichunguza. Ya kwanza ni mzimu: tarakimu iliyozimwa inabaki na mwanga hafifu. Wavu wenye volti sifuri haujafunga kabisa, maana elektroni zinatoka kwenye uzi zikiwa na kasi yake ya joto. Dawa ni kuupandisha uzi wenyewe volti chache juu ya sifuri kwa dayodi ya zena, ile inayoshikilia volti zisibadilike, ili wavu uliozimwa uwe hasi ukilinganishwa na uzi. Na ndani ya programu, zima kila kitu kwa kitambo kidogo kati ya tarakimu na tarakimu.

Ya pili ni kwamba upande mmoja wa chupa unang'aa kuliko mwingine. Kama uzi unapata volti 5 za mkondo mnyoofu, mwisho mmoja una sifuri na mwingine una 5. Bamba lenye volti 40 linauona mwisho wa kwanza kwa tofauti ya 40, na wa pili kwa 35. Ukigeuza mwelekeo wa mkondo wa uzi mara nyingi kwa sekunde, pande zote zinapata wastani sawa na mwanga unalingana. Wengi huiacha kasoro hii. Mimi nasema irekebishe, kwani kwenye chupa ndefu inaonekana hata na mgeni aliyesimama mlangoni.

Kuhesabu muda ni kazi ya kristali inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani sekunde. Kristali hizi hupimwa kwenye nyuzi 25, na joto likizidi au kupungua zinachelewa, jambo la kuzingatia kwa anayeishi Tanga au Mombasa. Chipu ya saa ya DS3231 inapima joto lake yenyewe na kujisahihisha. Inaweza kukosea kama dakika moja kwa mwaka, basi.

Kwa kuwa programu unaiandika mwenyewe, si lazima saa yako ihesabu kama zile za dukani. Chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawa kwa 12 na uchukue baki. Baki likiwa sifuri, andika 12. Saa 7:00 ya chipu inakuwa saa moja asubuhi, na 18:00 inakuwa saa kumi na mbili jioni. Ile nukta ya nafasi ya tisa, iliyowekwa kwa ajili ya mashine za hesabu, iwashe usiku na uizime mchana.

Poda huchoka kadiri inavyopigwa na elektroni. Weka kihisi cha mwanga kipunguze mng'ao gizani, na taa itadumu zaidi. Angalia pia tarakimu ya kwanza ya saa: inawaka saa kumi, kumi na moja na kumi na mbili tu, robo ya siku. Baada ya miaka kadhaa itang'aa kuliko jirani yake anayewaka mchana na usiku. Kwenye saa ya taa za IV-6 unaweza kubadilishana chupa. Kwenye IV-18 haiwezekani, kwa hiyo acha ndani ya programu nafasi ya kupunguza ule muda wa milisekunde moja kwa kila tarakimu peke yake, na siku ikifika utazilinganisha kwa kubadili namba moja.