Baridi ama moto? Hii ya kaharabu, katikati

"Baridi ama moto?" Mhudumu wa baa Nairobi atakuuliza hivyo kabla hujaketi vizuri, na "moto" hapo ni bia iliyotoka kwenye kreti bila kuiona friji. Jumamosi nikamjibu, "Katikati." Akanitazama kama niliyeagiza ugali bila unga.

Nilikuwa kwenye kaunta ya kiwanda kidogo cha bia hapa mjini. Kuonja ndiyo kazi yangu, na siku hiyo nilifuata amba eli yao, bia ya rangi ya kaharabu, mfano wa chai ya rangi ukiiinua dirishani.

Wengi hudhani rangi hiyo ni sukari iliyounguzwa. Ni kimea cha karameli. Shayiri ikishachipua, hupashwa joto ingali na maji yake, wanga ukageuka sukari humo humo ndani ya punje, ndipo ikakaangwa. Sehemu ya sukari hiyo hamira haiwezi kuila, basi hubaki mpaka kwenye ulimi wako.

Uchungu ni hadithi nyingine. Shayiri tunalima wenyewe, Narok na kwingineko, lakini hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, huagizwa. Mmea huo unataka mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini au kusini ya mbali, na huku kwetu kwenye ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Tena Nairobi iko juu, kama mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hopsi hutoa uchungu kwa joto la kuchemka. Joto likipungua, uchungu nao hupungua. Ukichukua mapishi ya mji wa pwani ukayapika hapa bila kuyarekebisha, utapata bia tamu ya kuchosha. Nimezinywa hizo, na sizitamani tena.

"Katikati" yangu ilifika na jasho la friji. Funda la kwanza: gesi, uchungu kidogo, basi. Nikaikumbatia glasi kwa viganja viwili, nikapiga soga na jirani kama dakika 10. Kwenye nyuzi 8 hadi 12 hivi ndipo eli huamka. Ikaja sukari nguru, ikafuata ganda la mkate uliookwa vizuri, mwishoni kabisa ganda la balungi, kavu, linalokufanya utake funda jingine. Uchungu ulikuwa wa kutosha. Mpishi wa bia aliniambia huongeza hopsi kufidia mwinuko, na inaonekana.

Ila ilipozidi kupata joto nikanusa siagi. Si siagi ya kupendeza, ni ile ya bisi za sinema. Hamira huitoa ikiwa kazini, kisha huila yenyewe ukiiacha siku mbili tatu zaidi kabla ya kupoza tangi. Nilipomwambia mpishi, alicheka kwa aibu: watu walikuwa wanaisubiri Ijumaa. Ndiyo sababu nyingine ya bia kunyweshwa ikiwa barafu tupu, baridi huficha mengi.

Nikaagiza ya pili hata hivyo, nikaiacha mezani ipate joto. Mhudumu alipita mara mbili kuniuliza kama ina shida.